Daktari Yuko kwa Jino, Wewe Uko kwa Mtu

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa usaidizi wa daktari wa meno Ijumaa iliyopita hapa Nakuru. Wale walikuwa atachimenti Kisumu, Kakamega na Molo walinitumia meseji wakiuliza kama kuna mtu alirekodi, na hakuna, kwa hivyo nimekaa nikaandika yote venye niliongea. Picha za ukutani nimeziacha, ziko kwa vitabu vyenu.

Hamjambo wanangu. Nyinyi mmesimama mlangoni ingieni, kuna viti hapa mbele, hakuna mtu atawauliza swali la mtihani leo.

Wiki mbili zilizopita mmoja wenu alinisimamisha kwa korido, akaniuliza: "Madam, mimi nitakuwa nashika sakisheni, ile bomba ya kunyonya mate, na kupeana vyombo. Sasa moyo na vyumba vyake vinne, mapafu, neva kumi na mbili za kichwa, hayo yote nasomea nini?" Sikumjibu siku hiyo. Lilikuwa swali la haki na jibu lake halingetosha korido, linataka watu wakae chini, na ndio maana niko mbele yenu.

Nimesimama kando ya kiti cha meno miaka 19. Kisumu miaka saba, hapa Nakuru iliyobaki. Na kitu nimeona tena na tena ni hiki: daktari akishainama na taa ikishawaka, dunia yake yote inakuwa jino moja. Na lazima iwe hivyo, ameshika ncha inazunguka kwa kasi karibu kabisa na palpu, ile nyama laini ya ndani ya jino, akiinua macho ameumiza mtu. Sasa nani anaona vile mkono wa mgonjwa umeng'ang'ania kiti? Nani anaona jasho limetoka juu ya mdomo? Nani anaona kifua kinapanda haraka? Ni wewe. Daktari yuko kwa jino, wewe uko kwa mtu. Na ukiwa hujui ndani ya huyo mtu kunaendelea nini, utakuwa umekodoa macho tu na huoni.

Tuanze na jino lenyewe, manake hata hapo kuna mtu anadhani jino ni kijiwe kimepandwa kwa fizi. Kila mtu apitishe ulimi kwa meno ya mbele. Pitisheni tu, hakuna anayewaangalia. Hiyo laini mnaguza ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, uzito wake asilimia 96 hivi ni madini matupu. Mfupa haufiki hapo. Lakini mfupa ukivunjika unaunga, sivyo? Enameli ikitoka imetoka, kwa sababu seli zilizoijenga, zile ameloblasti, zinamaliza kazi na kupotea jino likitokeza nje. Fundi amejenga, amekabidhi nyumba, na hakuna namba ya kumpigia tena. Chini ya enameli kuna dentini, hiyo iko hai, ina vijitundu vidogo mno vinaelekea kwa palpu, ndio maana maji baridi yanakufanya uruke. Na palpu ndiyo yenye damu na neva. Kwa hivyo ukiona jino, ona kiungo cha mwili.

Sasa hapa Nakuru mambo ya enameli tunaishi nayo. Aliletwa msichana wa form foo kutoka upande wa Njoro, ameletwa na shangazi yake, na huyo msichana alikuwa anaongea na kiganja mbele ya mdomo. Kila neno, kiganja. Shangazi akasema, "Huyu hapigi mswaki, tumesema mpaka tumechoka." Nikamwomba mtoto aondoe mkono. Meno ya kahawia, mengine na vijishimo, na fizi nyekundu zimeungua. Kuuliza, kumbe amejaribu kila kitu, jivu, makaa, mchanga, mwisho akasugua na ile dawa ya kufanya nguo nyeupe. Na meno yake wanangu yalikuwa masafi! Masafi kuliko ya shangazi. Hakuna ukoga, hakuna jino limetoboka.

Ilikuwa nini? Nasikia mnasema. Ndio, floraidi. Nikamuuliza shangazi, mtoto alilelewa wapi, maji mlikuwa mnachota wapi? Kisima cha kuchimbwa, tangu azaliwe. Visima vingi vya huku Bonde la Ufa vinatoa maji yamepita kwa miamba ya volkano na yana floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo. Sasa hapa ndio anatomi inaingia. Mtu mzima akihamia Nakuru leo anywe hayo maji, meno yake hayatabadilika rangi. Kwa nini? Kwa sababu yake yalishajengwa. Floraidi inaharibu kazi ya fundi wakati fundi bado yuko kazini, na enameli ya meno ya mbele ya ukubwani inajengwa mtoto akiwa mchanga mpaka miaka minne, mitano, na kama si magego ya mwisho, kazi yote inaisha karibu na miaka minane. Jino la kahawia unaloona kwa msichana wa miaka 18 liliharibika akiwa anatambaa.

Nilimwambia hivyo mbele ya shangazi. Hujakosa kitu, si uchafu, na hakuna kusugua kutaitoa, itakuondolea tu ile enameli kidogo uko nayo, daktari ana njia zake za kufunika na atakueleza. Yule msichana akanyamaza kwanza, halafu akaanza kuuliza maswali, na nikaona anauliza mkono wake ukiwa kwa magoti. Mimi hiyo siku nilienda nyumbani nimefurahi kushinda siku ya mshahara.

Na kuna kitu nataka mkibebe hapo. Mnajua Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kuchuja maji kwa mifupa? Mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, maji yanapitishwa hapo, na floraidi inabaki kwa mfupa. Fikirieni kwa nini inafanya kazi. Madini ya mfupa na madini ya jino ni ndugu, yote ni apataiti, na apataiti inapenda floraidi. Kile kinavuta floraidi kwa mtungi ndicho kinaivuta kwa jino la mtoto. Mkielewa hiyo moja hamtasahau kemia ya jino.

Gego la miaka sita nitalipita haraka lakini msilipite nyinyi. Linaota nyuma ya magego ya utoto, hakuna jino linang'oka kulipisha, kwa hivyo mama anadhani ni la utoto, anasema "si litatoka tu". Halitatoka. Hilo ndilo la maisha. Mama akikwambia hivyo ukiwa unamvalisha mtoto kitambaa cha kifua, usinyamaze. Na ukiandika namba ya hilo gego la chini, 36 ni kushoto kwa mgonjwa, 46 ni kulia kwa mgonjwa. Kwa mgonjwa! Mwaka wangu wa kwanza niliandika kulia kwangu, daktari akaangalia picha mara mbili ndipo akagundua, na mpaka leo kabla ya kuandika upande naangalia mkono wa mgonjwa kwanza.

Wekeni vidole viwili kwa mashavu, hapo pembeni ya taya, halafu uma meno kwa nguvu. Mmesikia kitu kinafura? Hiyo ni maseta, msuli wa kutafuna. Sasa pandisha vidole mpaka kwa panja, uma tena. Hiyo ni temporali. Ndani kuna mbili zingine huwezi guza kirahisi, na kati ya hizo nne, tatu kazi yake kubwa ni kufunga mdomo. Kufunga kuna nguvu sana, kufungua ni kudhaifu.

Kisumu kulikuwa na mwanafunzi mwenzenu, alikuwa anajaza chati ya meno ya mzee mmoja kutoka Nyakach, jaduong' wa miaka themanini na kitu. Meno sita ya mbele chini hayakuwepo. Mwanafunzi akaandika yametolewa kwa kuoza, akamuuliza mzee, kwa sauti, kwa nini hakuwa anatunza meno. Mzee hakujibu. Alimtazama tu, akafunga mdomo, na ikawa shida kumfungua tena. Nyinyi wa upande wa ziwa mnajua nasema nini. Zamani Wajaluo walikuwa wanang'oa yale sita ya chini kijana akifika umri, ilikuwa heshima, na jirani zao wengi walikuwa na desturi kama hiyo kwa njia yao. Wazee wengine wanasimulia sababu moja: mtu akishikwa na pepopunda, taya linajifunga, na ile nafasi ndiyo njia ya kumpitishia uji. Mimi siwezi kuapa kama ndivyo ilianza. Lakini angalieni anatomi iko ndani ya hayo maneno! Sumu ya pepopunda inakaza misuli, na kwa sababu misuli ya kufunga ina nguvu kuliko ya kufungua, taya linafunga ndi. Wazee waliliona hilo bila kitabu. Kwa hivyo ukimwona jaduong' hana sita za chini na yaliyobaki yamepangana vizuri, muulize kwa adabu, na uandike ukweli.

Tuje kwa neva, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa langu liko hapa.

Neva ya tano ya kichwa ina matawi matatu, la juu linaenda paji la uso na macho, la katikati linaenda taya la juu, la chini linaenda taya la chini. Daktari akitaka kung'oa gego la chini, anapeleka sindano nyuma, ndani ya taya, pale neva inaingia kwa tundu la mfupa. Neva ikishalala pale mlangoni, kila kitu mbele yake kinalala, meno ya upande huo, nusu ya mdomo wa chini, kidevu. Na kwa sababu neva ya ulimi inapita jirani, nusu ya ulimi nayo inalala. Unamuuliza mgonjwa, mdomo umekuwa mzito? Akisema umekuwa mkubwa kama wa mtu mwingine, mnajua ganzi imeshika.

Sasa huo mdomo unabaki umelala masaa mawili, matatu, wakati mwingine zaidi, na jino lilitoka kitambo. Tulimtoa mtoto wa miaka sita gego Kisumu, kazi ikaenda vizuri, hakulia, mama akafurahi, kulikuwa na foleni ndefu, nikampa gozi, kile kitambaa cha kuzuia damu, nikamwambia aume, nikaita mwingine. Kesho yake asubuhi mama yuko mlangoni, amebeba mtoto, na mdomo wa chini wa huyo mtoto umefura kama embe, una kidonda cheupe upana wa shilingi. Mama analia anasema daktari alimchoma sindano chafu. Haikuwa sindano. Mtoto alikuwa ametafuna mdomo wake jioni nzima, hasikii uchungu, anasikia tu kitu cha ajabu kinachezacheza, akatafuna kama mtu anatafuna chingamu. Dakika moja tu wanangu. Ningechukua dakika moja nimwambie mama, mdomo huu umelala, msimpe chakula cha kutafuna mpaka uamke, mwangalieni asiume. Nilikuwa najua neva, nilipita mtihani wake, na sikuitumia. Kidonda kilipona chenyewe, lakini nilikaa wiki nzima naona huo mdomo.

Kwa hivyo nani anapeana maelezo mgonjwa akitoka? Nani? Ni nyinyi. Daktari ameshaenda kunawa.

Na msichanganye neva ya tano na ya saba. Ya tano inasikia kwa uso na inasukuma misuli ya kutafuna. Ya saba ndiyo inakunja uso, inacheka, inafunga jicho. Ya saba inapita ndani ya tezi ya parotidi, hapa mbele ya sikio. Sindano ikienda nyuma kupita kiasi, ganzi inamwagikia hapo, na mgonjwa anaamka kitini uso umeanguka upande mmoja, jicho halifungi. Nimeiona mara moja. Mgonjwa alijiona kwa kioo akadhani ni stroku, akaanza kuita watoto wake majina mmoja mmoja. Ikiwa ni ganzi itaisha baada ya masaa machache, kazi ni kumtuliza na kulinda hilo jicho lisikauke, linafunikwa kwa upole. Lakini unaona ukijua na ukikosa kujua ni tofauti gani? Asiyejua anapiga kelele na mgonjwa.

Mate. Watu wanadharau mate. Kila siku mwili wako unatoa karibu nusu lita mpaka lita moja na nusu, na tezi kubwa ni jozi tatu, parotidi, ya chini ya taya na ya chini ya ulimi. Leo jioni mkila, chukua tonge la ugali bila mboga, tafuna usimeze, hesabu mpaka hamsini. Utasikia utamu unakuja. Hiyo ni amilasi ya mate inavunja wanga kuwa sukari. Na bakteria ya kwa meno inakula hiyo sukari inatoa asidi, na asidi ikizidi mpaka pH, kipimo cha asidi, ishuke chini ya 5.5 hivi, enameli inaanza kupoteza madini. Nani anaokoa? Mate hayo hayo, yanaosha, yanatuliza asidi, yanarudisha madini. Inachukua kitu kama dakika 30 mpaka 60. Sasa mtu anayekunywa chai ya sukari kidogo kidogo kutoka asubuhi mpaka jioni, mate yake yatapata nafasi saa ngapi?

Na ukiwa na sakisheni, jua bomba za mate ziko wapi. Ya parotidi inafungukia shavuni, mkabala na gego la pili la juu. Ya chini ya taya inafungukia chini ya ulimi, nyuma tu ya meno ya mbele. Nendeni mkaangalie ugaga, ule ukoga umekuwa mgumu kama jiwe, unajaa wapi kwa wagonjwa wenu, ni hapo hapo penye bomba, kwa sababu mate yana madini. Na ukiona mgonjwa ulimi wake unanata kwa kioo cha daktari, muulize dawa anazotumia, za presha nyingine zinakausha, na muulize kama ana sukari. Woga nao unakausha. Mdomo mkavu kabla hata ya kazi kuanza unakuambia huyu mtu anaogopa, na mtu anaogopa ndiye anazimia.

Ndio hapo sasa naingia kwa damu.

Alikuja kijana wa bodaboda, mwili mkubwa, kifua kama mlango, anaongea kwa nguvu, anacheka na kila mtu kwa wetingi. Amepanda kwa kiti. Hajakula tangu jana kwa sababu ya jino. Daktari anaandaa sindano, mimi macho yako kwa trei, napanga forsepsi, zile koleo za kung'oa. Nikasikia amenyamaza. Ndilo jambo nataka mshike, alinyamaza. Nikainua macho, midomo imekuwa kijivu, jasho dogo dogo limejaa juu ya mdomo na kwa paji, macho yanaangalia mbali. Nikasema "Daktari, simama." Sindano haikuwa imeingia hata. Tukalaza kiti chali, miguu ikawa juu kuliko moyo, nikalegeza kola, nikashika mkono, mpigo ulikuwa wa polepole na mdogo, unautafuta. Haikufika dakika moja akafungua macho akauliza "Nimelala?"

Ni nini ilitokea ndani? Woga uliita ile neva ya kutuliza moyo, ikaitika kupita kiasi, mpigo ukashuka, mishipa ikalegea, damu ikateremka miguuni, ubongo ukakosa. Ukijua hivyo, huhitaji kukariri matibabu. Damu imeteremka, ipandishe. Ndio maana ni kulala na miguu juu, na ndio maana kumpa maji akiwa amekaa wima ni kosa kubwa, hana nguvu ya kumeza na ubongo bado una njaa. Na mama mja mzito wa miezi ya mwisho? Usimlaze chali kabisa, mtoto analalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwa moyo. Mgeuze kidogo upande wa kushoto.

Mpigo wa mtu mzima aliyetulia ni 60 mpaka 100 kwa dakika. Pumzi 12 mpaka 20. Hizo namba ziwe kwa kichwa kama namba ya simu ya mama yako.

Na kuna huyu mzee mwingine, dereva wa malori aliyestaafu, nalisema kwa heshima ya mwenzangu mmoja ambaye alikuwa bado mgeni kazini. Mzee alikuja anaumwa taya la chini kushoto, anataka jino litolewe, lolote, "toeni hilo la mwisho". Daktari akagonga meno moja moja, hakuna linaloumwa. Picha, safi. Yule dada alikuwa anamfunga kitambaa akamuuliza tu, kama mtu anapiga stori, "Mzee, inaanzanga saa ngapi?" Mzee akasema, "Nikipanda ngazi kama hizi zenu. Nikikaa inaisha." Dada akasimama. Akamwangalia daktari. Jino haliumi kwa kupanda ngazi! Neva za moyo na neva za taya zinakutana njiani kuelekea ubongo, na ubongo wakati mwingine unachanganya ni nani amelia. Mzee alipelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo bila kung'olewa kitu, na ikawa ni moyo kweli. Kama angeng'olewa jino, angeenda nyumbani na pengo na moyo ule ule.

La mwisho ni hewa, na hili nalisema polepole.

Nikiwa Kisumu aliletwa kijana kutoka upande wa Ahero. Gego la chini lilikuwa limeoza miezi mingi, akawa ananunua dawa za maumivu dukani. Siku tatu kabla, taya likafura. Alipoingia, uvimbe ulikuwa pande zote mbili chini ya taya na shingoni, mgumu kama ubao ukiguza. Sauti yake ilikuwa ya mtu amejaza ugali mdomoni. Mate yanamwagika, hawezi kumeza. Na alikuwa amekaa ameinama mbele, mikono kwa magoti, shingo ameinyoosha.

Mnajua mkono wangu ulienda wapi? Kwa kifungo cha kulaza kiti. Miaka mitatu ya mazoea, mgonjwa akikaa unalaza kiti. Daktari akanishika mkono. "Usimlaze!"

Kwa nini? Niambieni. Chini ya ulimi kuna msuli umetandazwa kama chandarua kutoka upande mmoja wa taya la chini hadi mwingine, unaitwa maailohioidi. Mizizi ya gego la pili na la tatu mara nyingi inafika chini ya hicho chandarua. Usaha ukitoboa mfupa hapo, hautokezi mdomoni ukauona, unaingia shingoni, unasambaa pande zote, unainua ulimi juu na kuusukuma nyuma. Nyuma ya ulimi kuna nini? Njia ya hewa. Huyo kijana alikuwa amekaa hivyo kwa sababu mwili wake ulikuwa umetafuta wenyewe mkao wa mwisho ambao hewa ilikuwa inapita. Ningemlaza, ulimi ungeanguka nyuma na kufunga. Daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na bado unaitwa kwa jina lake, na bado unaua watu kwa jino ambalo lingetolewa asubuhi moja.

Alikimbizwa akiwa amekaa wima, mimi niko naye nyuma ya gari nimemshika bega, naangalia kifua, nahesabu. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kuhesabu na kumwambia "bado kidogo, bado kidogo". Alipona. Alirudi baada ya wiki kadhaa na kovu chini ya kidevu, akaniletea mchele wa Ahero kilo tano.

Na hata siku ya kawaida, gozi la kuzuia koo na sakisheni yako ndio ukuta wa mwisho. Jino likiteleza, taji, ile kofia ya jino, likiteleza, likipita koo kwa njia ya hewa mara nyingi linaenda pafu la kulia, kwa sababu bomba la hewa la kulia ni pana na limeteremka wima zaidi. Kwa hivyo mhesabu vipande. Jino limevunjika vitatu, vitatu viko kwa trei? Viko viwili? Mgonjwa haondoki, mwambie daktari, hata kama ni daktari mkali.

Sasa simameni. Kila mtu na mwenzake, hapa hapa, saa zenu ziwe tayari. Mmoja ashike mpigo wa mwenzake kwa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, vidole viwili, usitumie gumba lako. Dakika moja nzima. Ukimaliza usiachilie mkono, endelea kuushika kama bado unahesabu mpigo, lakini macho yahamie kifuani uhesabu pumzi, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake anazibadilisha. Tayari? Anzeni.